Jaribio Lililopona Kila Likitazamwa

Wifi yangu aliacha kazi ya kudumu ya ukarani akaenda kupima programu za kompyuta kwa mkataba wa muda. Nilimwambia huko ni kununua mbuzi kwenye gunia, hakunisikia. Ofisini wakambandika jina, Mpelelezi. Anaandika majaribio yanayojiendesha yenyewe: yanafungua programu, yanajaza, yanabonyeza, kisha yanatoa kijani kama mambo ni sawa, nyekundu kama kuna hitilafu.

Siku aliyoahidiwa kusaini mkataba wa kudumu ndiyo siku mteja, mwenye maduka ya dawa, alikuwa anakuja kupokea programu ya kuagizia dawa. Asubuhi jaribio la kubadilisha idadi ya dawa zilizoagizwa likatoa nyekundu. Akaliendesha tena, kijani. Tena, nyekundu.

"Mpelelezi, jaribio lako lina kichaa," meneja akasema, kasimama nyuma ya kiti chake. "Lifute. Mgeni anafika mchana."

"Nipe nafasi, bosi. Nijue kwanza mgonjwa ni jaribio au ni programu."

Akaongeza mistari ya kumbukumbu, ili kila hatua jaribio liandike limefanya nini na limeona nini. Kijani. Akarudia mpaka kidole kikachoka, kijani tupu.

"Si unaona? Umeliponya bila dawa," meneja akacheka. "Liache hivyo hivyo, uje usaini."

Mwingine angekimbilia kalamu. Yeye alibaki kitini, maana hakuwa ametengeneza kitu. Akaondoa ile mistari, nyekundu ikarudi. Ndipo akaelewa. Kuandika kunachelewesha. Kila mara jaribio liliposimama kuandika, programu ilipata muda wa kumaliza shughuli zake. Kumbukumbu zenyewe ndizo zilizoficha ugonjwa.

Simu ikalia. Kaka yangu, mumewe. "Wameshasaini?"

"Bado." Akakata.

Akageuza mbinu: jaribio lishike kila kitu kichwani, liandike likishamaliza. Safari hii nyekundu ikaja na maelezo. Kitufe cha kutuma kilibonyezwa kabla idadi mpya haijahifadhiwa, seva, kompyuta inayopokea maagizo, ikapokea ya zamani. Yaani muuza dawa mwenye vidole vya haraka angepunguza makatoni kumi kuwa mawili, na bado angeletewa kumi.

Meneja alisoma, uso ukamshuka. Sauti ya mteja ilishasikika mapokezi.

"Na nikikwambia tumwoneshe ile ya kijani?"

"Basi uandike wewe, kwa jina lako, kwamba programu imepimwa. Mimi siandiki."

Meneja akakuna shingo. Hakuna mfanyabiashara anayetia jina lake kwenye moto anaouona.

"Nitamwomba atuvumilie kidogo. Ila na wewe, mama, mkataba wako usubiri. Miezi mitatu mingine."

"Miezi mitatu ya nini? Hitilafu si yangu, mimi nimeikamata tu. Siku jaribio likipita bila kusaidiwa na mistari, unasaini."

"Hivi ulikuwa karani au dalali?"

"Bosi, mgeni anakusubiri. Sema."

"Haya, mwisho leo. Likigoma, miezi mitatu."

Mpelelezi akaenda na maelezo yake hadi kwa fundi aliyeiandika programu.

"Kwangu inafanya kazi vizuri," fundi akasema bila kugeuka.

"Kwako unabonyeza taratibu kama bibi harusi." Akavuta kiti, akakaa ubavuni mwake. "Fungua tuone. Leo hunyanyuki hapa mpaka iwe kijani."