Matone Matatu ya Mafuta ya Nazi

Bundi anapenda kuoga kuliko nilivyodhani. Anaingia kwenye beseni la maji ya kina kifupi, anazamisha uso, anapiga mabawa mpaka ukuta unalowa, kisha anatoka amekonda, amebaki macho tu, kama paka aliyeopolewa kisimani. Baada ya hapo hukaa kwenye kigogo chake na kupitisha manyoya mdomoni, unyoya mmoja baada ya mwingine, hata saa nzima.

Mwenye bundi huyu ni bibi mmoja, mwalimu mstaafu, jirani yetu hapa Lewisville. Bawa la ndege lilivunjika zamani, porini hawezi kurudi, na bibi ana kibali cha kumtunza. Mimi ni msaidizi wake wa Jumamosi. Binti yake alipojifungua Houston, bibi alikwenda kwake, akaniachia ufunguo na maagizo matatu: mlishe, mbadilishie maji, usimsaidie kitu kingine. Hilo la mwisho alilirudia, kwa sababu ananijua. Mimi ni mtu wa kupanga viatu vya wageni mlangoni wakiwa bado ndani. Yote ninayojua kuhusu ndege nimejifunza mwenyewe kwenye video, na nina daftari la dakika anazooga.

Siku ya pili mama alinipigia simu ya video kutoka Morogoro.

"Huyo mgeuze, asinitazame," alisema. Kisha akaisogelea simu. "Mbona kapauka hivyo? Si umesema katoka kuoga?"

"Ameoga, mama. Ndiyo amekauka sasa hivi."

"Basi mpake mafuta! Mtoto wa watu utamtoaje nje na ungaunga huo?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Lakini simu ilipokatika niliuona ule ungaunga kifuani na mabawani, na sikuweza kuacha kuuona. Kwetu hakuna mtoto aliyetoka kuoga akaachwa bila kupakwa mafuta. Aliyepauka alimwaibisha mama yake. Nilikwenda kuchukua chupa ya mafuta ya nazi ninayopaka nywele, nikadondosha matone matatu kiganjani, nikasugua mikono, nikampapasa. Aling'aa. Nilimpiga picha.

Asubuhi iliyofuata alioga kama kawaida, ila hakukauka. Manyoya ya kifua yalishikana vishungi vishungi, ngozi ikaonekana katikati. Alivuta unyoya mdomoni, akatikisa kichwa kwa karaha, akavuta tena. Kabla ya saa sita alikuwa anatetemeka. Bibi akatuma ujumbe kuuliza hali. Nikajibu: "Salama kabisa."

Jibu hilo linaniuma kuliko mafuta yenyewe.

Nilitafuta mtandaoni. Mmoja alisema muoshe kwa sabuni, mwingine akasema ukimuosha bila kujua utamuua. Nilisimama na taulo mkononi, nikaliweka chini, nikalichukua tena. Saa saba nilimpigia bibi nikilia.

"Mafuta gani?" aliuliza.

"Ya nazi."

Nilisikia kichanga kikilia upande wake. "Usimguse tena. Washa taa ya joto, kaa mbali. Nakuja."

Kutoka Houston ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Niliketi sakafuni upande wa pili wa chumba, nikimtazama akitetemeka chini ya taa. Sikuwa na la kufanya. Nilifuta sakafu mara mbili.

Bibi aliingia jua halijazama. Hakunisalimu, wala hakunigombeza. Alimfunga bundi kwa taulo, akamuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akamsuuza, akarudia. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji.

"Manyoya yaliyoharibika yatabaki hivyo mpaka aote mapya," alisema.

"Itachukua muda gani?"

"Muulize yeye."

Bundi alipona baridi ile. Jumamosi iliyopita bibi aliniita, akaweka beseni, akanionyesha kiti. Bundi alioga, akapanda kigogo, akaanza kujichana. Alipofika kifuani, penye vishungi vilivyobaki, alivuta unyoya, akatikisa kichwa, akajaribu tena, akauacha. Mgongoni alikuwa na kipande kidogo cha jani kilichonasa kutoka majini, karibu kabisa nami. Ningekitoa bila kuinuka.

Nilikalia mikono yangu.