Wamekunja au Wamekata

Wifi yangu hukaa mbele ya televisheni na futi shingoni, mkasi mapajani, na midomo ameibenua kama mtu aliyeletewa mshono wa fundi mwingine aurekebishe. Wenzake wakitazama tamthilia huuliza nani anampenda nani. Yeye huuliza nani kamshonea nani. Ni dada wa mume wangu, fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita sasa, na mimi ndiye ninayemtilia vifungo na kumpindia nguo. Kila siku saa kumi na moja jioni, chumba cha kushonea kikijaa wateja waliofuata nguo zao na kuishia kutazama, mimi huwa nimekaa chini ya mdomo ule.

Nisiseme uongo, sisi wawili hatuivi chungu kimoja. Kuna tamthilia ilikuwa na mtumishi wa ndani, binti wa kutia huruma, analia kwamba tangu jana hajala. Sote machozi yanatulenga. Wifi akasema sketi ya yule binti ina bitana, kitambaa cha pili kwa ndani, na maskini wa kweli havai bitana, kwa hiyo ni mtoto wa tajiri aliyepotea, tusubiri. Baada ya wiki mbili ikawa hivyo hivyo. Wateja wakampigia makofi, mimi nikatamani kumrushia kopo la vifungo. Mwaka uliofuata aliivunja harusi siku nne kabla haijavunjika, kwa sababu zipu ya gauni la bibi harusi ilikuwa ubavuni, na kwa maelezo yake zipu ya ubavuni ni ya kuvuliwa haraka. Mtu alipie king'amuzi cha nini ilhali ana wifi?

Katika zote alizoniharibia, sijamsamehe moja, ile ya Hakimu. Alikuwa mzee mjane, mpole, hajawahi kumpandishia mtu sauti tangu sehemu ya kwanza. Nilimpenda yule mzee kuliko baadhi ya ndugu zangu. Kwenye hadithi akaanza kuugua, koti likawa linampwaya, kisha siku moja likamkaa vizuri tena. Wifi akasogeza kigoda.

"Wamempunguzia," alisema. "Ila wamekunja, hawajakata. Tazameni ubavuni palivyovimba. Fundi akikunja kitambaa kwa ndani, anajua mwenye nguo atanenepa, lije lifumuliwe. Atapona huyu."

Wateja walicheka. Mimi nilikazia masikio, maana wakati ule nilikuwa nimepungua kilo nane.

Ugonjwa wenyewe sitautaja, kila nikiutaja watu hunitazama kiunoni. Daktari alinipa dawa za miezi minane, akasema tutaona. Hiyo "tutaona" ndiyo niliyorudi nayo nyumbani. Mume wangu nilimwapisha asimwambie dada yake hata neno moja. Sikuwa naogopa huruma yake, kwa sababu hana. Niliogopa atafumba jicho moja, kama anavyowafumbia wale wa kwenye televisheni, aseme mbele ya wateja mwisho wangu ni upi, na wote waamini. Mimi mwenyewe ningeamini, kwa sababu hajawahi kukosea.

Basi Hakimu akawa mwenzangu. Kila jioni niliutazama ubavu wake kabla ya uso. Pakiwa pamevimba, nilimeza vidonge vyangu kwa moyo mkunjufu. Sehemu ya hamsini na nane, koti likaonekana limelala bapa. Wifi aliinuka, akaenda kugusa kioo kwa ncha ya pini.

"Wamekata," alisema. "Hamalizi sehemu kumi."

Hakimu alikufa kwenye sehemu ya sitini na saba, amekaa kitini, miwani usoni. Wateja walilia. Wifi akasema, "Nilisema," akaendelea kuchora kola. Nilimwambia afunge mdomo wake. Akauliza kama Hakimu alikuwa baba yangu mdogo. Siku tatu hatukusemezana, na zilikuwa siku tatu nzuri.

Wakati huo magauni yangu yalikuwa yameanza kuning'inia. Nikajiambia, gauni likinipwaya ataliona kabla sijavuka kizingiti, lakini likinikaa ataona gauni tu. Kwa hiyo nikavuka barabara kwenda kwa Chapuchapu.

Chapuchapu ni fundi wa upande wa pili. Ukimpelekea kitambaa asubuhi, jioni unavaa, na kwa mujibu wa wifi, kesho yake uko uchi. Walikosana siku Chapuchapu alipopewa sare za shule ambazo wifi alikuwa ameshazipimia wanafunzi wote. Tangu hapo, wakikutana bombani kila mmoja hutazama ndoo yake. Alinipunguzia magauni matatu kwa saa moja bila kuniuliza kitu, huku akinieleza wifi yangu ni mtu mbaya kiasi gani. Nikiri tu, nilifaidi.

Nilijificha hivyo wiki mbili. Siku ya kukamatwa, tamthilia mpya ya wauguzi ndiyo kwanza inaanza. Nilipanda kigodani kufuata uzi mweusi juu ya rafu, nimevaa gauni la buluu, mkono nimeunyoosha. Kwenye televisheni mtu alikuwa anazabwa kibao. Wifi hakukiona, alikuwa ananitazama mimi.

"Shuka," alisema. "Geuka."

Akaingiza vidole kwenye mshono wa kiunoni bila kuniomba, kama anavyowafanyia wateja. Uzi mweupe kwenye gauni la buluu. Hakuhitaji kuambiwa ule ni mkono wa nani. Akaanza. Nimemdhalilisha, mke wa kaka yake natoka kwenye mlango wake mwenyewe nimevaa uchafu wa yule mwanamke, watu watasema hata nduguze hawamwamini na sindano. Nikamjibu kwamba gauni ni langu na mwili ni wangu.

"Mwili upi?" akauliza.

Akafumba jicho moja, akanipitia kuanzia bega mpaka nyonga, polepole. Nililishika kopo la vifungo kwa mikono miwili. Nilimchukia dakika ile kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

"Mficha maradhi..." alianza, akakomea hapo.

Hakuna mtu mle ndani asiyejua methali hiyo inamalizikaje. Mwanamke huyu, ambaye hajawahi kuuacha mwisho wa kitu chochote bila kuutangaza, aliuacha ule. Midomo ilibaki wazi kidogo. Kisha akanisukuma nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akaniambia nivue. Nikajifunga kitambaa cha mteja. Akaligeuza gauni ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akarudia tena kama mtu aliyedondosha kitu.

"Amekata," alisema. "Mangapi?"

"Matatu."

"Yote amekata?"

Sikujua. Sikuwa nimeyatazama kwa ndani, sikuwa na ujasiri huo. Akavuka barabara na gauni langu mkononi, nami nikabaki nyuma ya pazia na kitambaa cha watu. Mengi aliyoyasema huko hayaandikiki, ingawa mtaa mzima uliyasikia. Moja nitaliandika.

"Nani kakwambia huyu hatanenepa tena? Wewe ni daktari?"

Chapuchapu alijibu kwamba mteja kasema punguza, naye kapunguza. Kwa haki kabisa, ndivyo nilivyosema.

Wifi aliporudi alizima televisheni, wauguzi wakiwa katikati ya ugomvi wao. Wateja aliwaambia wakatazame kwao. Mmoja akalalamika kwamba suruali yake bado, akaambiwa miguu yake haiendi popote. Kisha wifi akaketi, akafumua mishono yote kwa wembe, akamwaga gunia la vipande sakafuni na kuanza kutafuta buluu. Hakuipata iliyofanana. Akasema kwa ndani haijalishi. Akaunga kipande kila upande, upana wa vidole vitatu, akakikunja ndani na kukishika kwa mishono mirefu, ile ambayo ukivuta uzi mmoja inaachia yote. Mume wangu alitumwa kuyaleta mengine mawili. Hayo nayo yalikuwa yamekatwa.

Kazi ile ilimchukua jioni nzima, na katika muda wote huo hakuniuliza ninaumwa nini. Nilimtajia mwenyewe, cherehani ikiwa inakwenda. Mguu wake haukusimama. Alipomaliza alinirushia gauni la buluu usoni.

"Vidole vitatu kila upande," alisema. "Navitaka vyote."

Nililivaa. Nilikuwa na hasira naye bado, nikatafuta neno la kumuuma, nikamwambia ubavuni pamevimba, mshono mbaya.

"Na pavimbe," alisema.

Miezi mitano imepita. Asidhani mtu kwamba tumependana. Jana tu aliniambia vifungo vyangu vimekaa kama meno ya mlevi. Tamthilia ya wauguzi ameshaimaliza, ametuambia nani atafukuzwa na nani atarudi kwa mumewe, na wateja wawili wamehamia kwa Chapuchapu ili watazame kwa amani.

Ila wiki iliyopita gauni la buluu lilianza kunibana kwapani. Sikumwambia. Hajawahi kuingoja sehemu inayofuata kama binadamu wengine, nikasema safari hii angoje. Jana nikiwa nimenyoosha mkono kwenye rafu ile ile, nilimwona kwa pembeni amefumba jicho moja. Mdomo ulifunguka. Kisha akaigeukia televisheni, akaanza kuitukana kofia ya muuguzi.

Jioni tulipokuwa tunafunga, nilikuta wembe mpya juu ya kopo langu la vifungo, bado umo ndani ya karatasi yake.