Cherehani Yangu na Amri ya Mashine

Nilitoka Shinyanga kwa hasira, nisiwafiche. Mimi ni fundi nguo wa Ngokolo, na kwa miaka mingi nilishonea kwenye baraza ya duka la rafiki yangu, kwa ridhaa yake, bila kumzuia mpita njia. Ikaja amri kutoka bomani: fundi asishone barazani bila kibali, na kibali hapewi asiye na chumba chenye madirisha mawili. Madirisha! Mimi niliyekaa nje, upepo wote wangu! Nikauliza nani kalalamika, wakasema hakuna. Nyumbani nina mke na watoto watatu, na wote wanakula kwa cherehani moja. Niliposikia kwamba Geita wachimba dhahabu wanatembea magoti nje kwa suruali kuchanika, nikaifunga cherehani kwenye baiskeli nikaondoka.

Siku ya pili nililala Mwakitolyo kwa mfugaji mmoja wa Kisukuma, akanikaribisha maziwa ya mgando. Yeye naye alikuwa na lake. Alitaka kupeleka ng'ombe wa mahari ya mwanawe kijiji cha pili, akaambiwa akatafute kwanza cheti.

"Mahari ni shauri la koo mbili," akaniambia. "Huyu wa tatu katokea wapi?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka.

Siku ya tatu tulifika kizuizi cha mbung'o, mimi na wapita njia wengine. Walinzi wakatupiga brashi mgongoni kuwafukuza mbung'o waliotung'ang'ania, wakaipiga na baiskeli. Hilo sikulipinga, maana ugonjwa wa malale hauna mzaha, na mbung'o wangu anaweza kumuuma mtoto wa mwenzangu.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, nikafika kizuizi cha machimbo ya Geita. Askari akauliza, "Umebeba nini?" Nami kwa kujidai sikusema cherehani kama watu wote. Nikatoa kifua: "Mashine, bwana." Mdomo uliponza kichwa!

"Mashine ni marufuku huku bila kibali."

Kumbe waliogopa watu wasije wakasaga mawe ya dhahabu kwa siri. Nikafungua kifuniko, nikamwonyesha sindano, nikazungusha gurudumu. "Hii itasaga jiwe gani?" Akanijibu kwamba yeye hakutumwa kufikiri, katumwa kuzuia. Akaja karani, kijana msafi wa kola. Alikubali kwamba ni ya nguo, lakini amri ni amri. Nirudi bomani nikaombe kibali. Akanionyesha na fomu yenyewe. Swali la kwanza: mashine inasaga mawe kiasi gani kwa siku? Cherehani ikafungiwa stoo, nami nikaketi chini kando ya njia. Niliwaona wanangu watatu wamezunguka sahani tupu.

Karibu na kizuizi palikuwa na Mama Kulwa, mjane anayewapikia wachimbaji ugali.

"Mwangaluka, baba. Mbona umekaa kama uliyefiwa?"

Nikamweleza. Akauliza, "Wamekupa karatasi?"

"Hawajanipa."

"Kadai karatasi! Mali ikiingia kwa wakubwa bila karatasi, haitoki."

Tukaenda wote, yeye na mwiko wake mkononi. Karani akatoa kitabu cha stakabadhi, akaandika haraka neno lililomjia, akasoma kwa sauti: "Nimepokea cherehani moja, nyeusi."

Mama Kulwa akasogea. "Mwanangu, amri imekataza nini?"

"Mashine, mama."

"Na wewe hapo umezuia nini?"

Karani akatazama maandishi yake. Akainua kalamu afute, akasita. Kitabu cha boma hakifutwi, na nakala ilikwisha kupita kwenye kaboni chini yake. Ikifika kwa Bwana Shauri, mkuu wa boma, ataulizwa kwa nini kazuia kitu ambacho amri haikukitaja. Akafunga kitabu, akamwambia askari, "Mpe cherehani yake. Na wewe mama, rudi jikoni kwako."

Jamani, nilihema! Niliikumbatia cherehani mbele za watu, wala sikuona haya. Mama Kulwa alicheka mpaka mwiko ukamwanguka.

Wiki tatu nilishona pembeni ya jiko lake. Wachimbaji walikuja kwa miguu yao, tukakubaliana kwa midomo yetu, na asiyependa mshono niliufumua nikaanza upya. Hapakuwa na ugomvi hata mmoja. Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Nilirudi Ngokolo siku ya Ijumaa na gunia la mchele kwenye baiskeli. Watoto walinirukia, wakala, wakalala wameshiba, nami nikamhadithia mke wangu safari yote. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Karani ulimwambiaje?"

"Nilimshukuru. Mara tatu, nimefumbata mikono."

"Kwa kukurudishia chako?"

Nimezunguka nchi nzima ile nikilalamikia amri, na hilo sikuliona mpaka nilipoulizwa nyumbani kwangu. Mtu akikuachia kilicho chako, mshukuru Mungu, muage kwa adabu, ukaendelee na kazi.