Sauti ya Athmani Ndani ya Bao la Kompyuta

Kama umekuja kunicheka, cheka sasa umalize, kisha ukae kimya unisikilize. Jambo hili lilinipata mimi, nyumbani kwangu mtaa wa Mkomani, hapa Amu, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba wali na nina akili zangu zote. Sikuwa nimelala. Sikuwa nimetafuna mirungi. Hiyo niliiacha zamani, meno yangu yakiwa bado ya kujivunia. Nina shahada ya chuo kikuu, na nimewahi kuandika makala za kuwakejeli watu wanaosimulia visa kama hiki. Makala hizo zilisifiwa sana. Leo nakuhadithia na hasira ingali inanipanda, kwa hiyo nikipaza sauti, niwie radhi.

Chanzo ni marehemu kaka yangu, Athmani. Siku zile kompyuta zilipokuwa nzito kama masanduku ya bibi arusi, Athmani alirudi Amu kutoka Mombasa na moja, ameifunga blanketi kama mgonjwa. Akajifundisha mwenyewe kuandika programu, akatengeneza mchezo wa bao. Bao letu hili hili la mashimo na komwe, ila limo ndani ya kioo, na mpinzani wako ni mashine. Na kwa kuwa bao bila kejeli si bao, akarekodi sauti yake mwenyewe akaitia humo. Mashine ikila komwe zako, inasema, "Umeliwa, bwana!" Ukikawia kucheza, inakusuta kwa Kiamu chetu, "Teza, komwe hazitamea!" Na ikiiteka nyumba, lile shimo kubwa unamoweka akiba yako, inapiga kelele, "Hodi, mwenye nyumba!" Tulikuwa tukicheka mpaka mama anatufukuza ukumbini.

Athmani alikufa kwa homa, bintiye Rukia hajaanza kutambaa. Wakati ule hapakuwa na simu za kurekodi kila kikohozi. Kaseti zake chache ziliota ukungu kwa unyevu wa mji huu. Rukia akakua, akasoma, akawa mwalimu huko Kililana, ng'ambo ya maji, na hajapata kuisikia sauti ya babake hata mara moja. Picha anayo. Picha inasema nini?

Alipoposwa, alinijia.

"Ami," akaniambia, "mimi sitaki unipe kitanda wala seti ya vikombe. Nataka kumsikia baba kabla sijaolewa. Mama ameniambia yumo kwenye ile diski ya bao."

"Hilo tu?" nikasema. Hilo tu! Sikiliza majivuno.

"Kijana wa kutengeneza simu amesema kitu hicho hakiwezekani."

"Kijana wa simu amesoma wapi?"

Rukia akacheka. "Haya, profesa. Lakini usiniaibishe."

Sasa ngoja nikueleze nilichopambana nacho, maana hasira yangu ilianzia hapo. Mchezo wa zamani ukiupeleka kwenye kompyuta mpya, kompyuta mpya hujifanya haiujui, kama mtu aliyepata cheo akikutana na yaya aliyemlea. Kwanza, kompyuta yangu haina hata mdomo wa kupokea diski ile. Nilitafuta kisomeo mpaka nikakipata Shela, kwa mwenye nyumba ya wageni aliyekiweka juu ya rafu kuwa pambo, kati ya kombe na taa ya mafuta. Diski ikasomeka, alhamdulillahi. Nikaufungua mchezo. Nikajibiwa kwa maandishi ya adabu: programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako, wasiliana na mtengenezaji wake.

Mtengenezaji wake yuko makaburini, enyi wapumbavu! Nilipiga kelele hizo peke yangu ukumbini. Paka akahama.

Hebu niambie, hawa watu wana haki gani? Kila baada ya miaka michache wanabomoa walichokijenga, wanajenga kingine juu yake, kisha wanakuambia ni kwa usalama wako. Hapa Mkomani tunakaa katika nyumba za mawe walizojenga babu wa babu zetu, na mlango ni ule ule, na ukiusukuma unafunguka. Kwao cha juzi ni kifusi. Na aliyemo ndani ya kifusi, je?

Nikapata programu ya kuigiza kompyuta ya kale ndani ya kompyuta mpya. Ikakubali. Mchezo ukafunguka, mashimo yale, komwe zile za kijivu alizozichora Athmani kwa mkono wake. Lakini ulikwenda mbio kama umekunywa dawa. Kabla sijainua kidole nimeliwa, nimeliwa tena, na nyumba sina. Nikaupunguza mwendo, nikapunguza tena, mpaka ukacheza kama mtu. Basi nikadhani nimemaliza. Kumbe u bubu. Athmani aliuandika uzungumze na kadi ya sauti ya aina yake, ya zama zake, nami nikawa najaribu namba za kuiigiza kadi hiyo moja baada ya nyingine, siku baada ya siku, arusi inakaribia, na mchezo unanila kimyakimya.

Sasa sikiliza hapa.

Mama yetu alitulea na kanuni moja. Jua la utosi, saa ambayo watu wamerudi kutoka kuswali adhuhuri, wamekula wamejinyoosha, na vichochoro vimebaki na punda tu, mtu akipiga hodi usiitikie ya kwanza. Ngoja ya pili. Ngoja ya tatu ndiyo uitike. "Binadamu ana subira," alikuwa akisema, "atapiga zote tatu. Kisicho binadamu hupiga moja tu, na ukikiitika umekikaribisha wewe, usije ukalia." Watu wa mtaa wetu wote waliishi hivyo. Mimi nilipotoka chuo kikuu niliiandikia kanuni hiyo makala nzima, ya kuchekesha.

Mchana ule nilikuwa mbele ya kompyuta, shati nimevua, feni inapepea joto. Nikasikia mlangoni, "Hodi."

"Karibu!" nikabweka. "Ingia basi, mlango u wazi!"

Moja tu. Niliitikia ile moja.

Akaingia mtu wa makamo, kama mimi, kanzu imechakaa kidogo, kofia ya kawaida. Najua unangoja nikuambie ana kwato. Hana kwato. Alivaa ndara za plastiki za buluu, kanda ya moja imeshikizwa kwa waya. Kilichonikera ni viwili: ametoka kwenye jua la kupasua mawe na hana hata tone la jasho, na sauti yake, kila akisema neno, neno nalibeba lakini sauti inanipotea, kama maji kwenye mchanga.

"Nimesikia bao," akasema.

Amelisikia wapi? Lilikuwa bubu! Kwa nini sikumtoa pale pale? Kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hatafuti usalama, anatafuta mtu wa kumlalamikia.

"Husikii kitu," nikamwambia. "Limekufa ulimi hili."

"Wata niteze," akasema. Niache nicheze. Akaketi kwenye kiti changu, akabonyeza.

"Umeliwa, bwana!"

Wallahi! Ni Athmani. Na ule mkwaruzo mwishoni mwa neno, kama anayezuia kicheko. Nililia, sioni haya kusema. Nilifikiri, Rukia huyo, mwanangu, babako huyo amefika.

Mgeni hakulia. Akakirudia, polepole, kwa sauti ya chini: "Umeliwa, bwana." Kama mtoto wa chuoni anavyorudia aya baada ya mwalimu. Nikadhani amefurahi tu. Akacheza tena. Sasa, mimi nimekulia kwenye bao. Mtu akicheza vibaya namjua, na mtu akijitoa aliwe namjua pia. Huyu alikuwa akijitoa.

"Mbona wajitoa hivyo?" nikamwuliza.

"Nataka kusikia."

Akakawia makusudi. "Teza, komwe hazitamea!" ikasema mashine. Akarudia. Mara ya kwanza alikuwa mgeni anayemwiga mtu. Mara ya pili, nikifumba macho, nisingeweza kuapa. Mara ya tatu niliangalia kioo kuona ni nani kasema.

Hapo ndipo nilipogundua. Neno alilokwisha kulipata yeye, mashine hailisemi tena. Alikuwa akiliwa, nayo kimya. Anakawia, nayo kimya. Alikuwa akimkamua ndugu yangu neno kwa neno, nami nimesimama nyuma yake nikipangusa machozi ya furaha, msomi mzima.

Akaifungua nyumba yake mwenyewe, akaiacha itekwe.

"Hodi, mwenye nyumba!" ikalia mashine.

Akageuka akanitazama usoni, na akasema kwa koo la Athmani, kwa mkwaruzo wa Athmani, "Hodi, mwenye nyumba."

Nikamkamata kanzu. Ulishawahi kushika shuka iliyoanikwa, upepo ukaiacha? Ndivyo, hamna mtu ndani. "Toka!" nikapiga ukelele, kikohozi kikanibana, nikakohoa, nikapiga tena. "Toka nyumbani kwangu!"

Akainuka bila haraka, akavaa ndara zake za waya. Mlangoni akasema, kwa sauti ile ile, maneno ambayo Athmani hakuyarekodi popote:

"Ndugu yangu, si wewe ulonikaribisha?"

Nilimfuata hadi barazani. Kichochoro kimenyooka, mwanzo wake waonekana na mwisho wake waonekana. Palikuwa na jua na punda mmoja amelala amesimama.

Nikarudi ndani, nikacheza. Nikaliwa. Na mashine ikasema, kwa sauti yangu mimi, na kikohozi changu mimi katikati: "Toka! Toka nyumbani kwangu!" Utaniuliza, kwani hukuwa na nakala? Nilikuwa nazo. Zote zinasema hivyo. Na ile diski ya awali, ambayo niliihifadhi kabatini, nayo inasema hivyo.

Rukia akaja, mikono ina hina mbichi, hata vipokea sauti vya masikioni alitaka nimvike mimi. Nilijaribu kumweleza kwanza, hakungoja. Aliutazama mchezo, akabonyeza kwa ncha ya kidole, akaliwa, na nikaona uso wake ukigeuka.

"Ami, wanifukuza?"

Nikamsimulia yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Wewe? Wewe ndiye wa kunambia habari za jini? Ungesema tu umeshindwa." Akaenda zake. Arusini nilikula pilau pamoja na wanaume wenzangu, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa natafuna pamba.

Alinisamehe baada ya Idi. Alikuja na halua, tukala, tukaongea ya shule yake na ya mumewe, jua likapanda utosini bila mimi kuangalia. Na mlangoni pakaitwa:

"Hodi, mwenye nyumba!"

Mimi nilikwisha kuizoea. Tangu siku ile huja, si kila mchana, lakini huja. Hupiga moja. Nami hukaa nikiuma upindo wa kikoi mpaka nimehakikisha ya pili haiji, na ya pili haijapata kuja. Lakini Rukia alikuwa ameshainuka.

"Ami, una mgeni."

Nikamshika mkono. "Usiitike."

"Kwani ni nani? Ana sauti nzuri."

"Ngoja ya pili," nikamwambia.

Tukangoja. Akaniangalia, akauangalia mlango, akaiangalia kompyuta pale mezani, na nikaona anaelewa. Machozi yakamjaa. Akafumbua kinywa, nami nikakiziba kwa kiganja changu. Aliniuma. Alama hii hapa, ukitaka kuiona. Kichochoroni palikuwa kimya.

Sasa Rukia akipata siku ya mapumziko huvuka kutoka Kililana, aje aketi karibu na mlango saa ile ya jua kali. Anaingoja ile hodi. Nami naketi kati yake na mlango, nina hasira na waliotengeneza mashine zile, nina hasira na Athmani kwa kufa, na mwenye ndara za buluu akirudi kwa miguu yake nitamuua, kama anaweza kufa.

Kwa hiyo wewe, kama una mtu wako ndani ya diski au mashine yoyote ya zamani, mtoe leo, mashine ingali inawaka. Na ukipigiwa hodi jua likiwa utosini, uma ulimi ungoje ya tatu. Hata kama sauti unaijua. Hasa kama sauti unaijua.