Fusée hapana imeruka, na mama mukubwa alishaenda shamba

Niko na haya kuandika hii.

Mama mukubwa wangu wa Eringeti ana miezi tatu hajavuna kakao yake, juu ya bale batu ba pori benye bunduki.

Mimi huku Butembo, nafuata programu ya fusée moja, roketi yenye itapandisha satelite mingi pamoja. Jana nikamuambia: "Moja itakuwa inapiga picha ya pori yetu. Inaruka kesho asubui."

Lakini leo asubui bakaisogeza siku ingine tena, mara ya ine. Niliona. Sikumuambia, juu nilikuwa nimejivuna sana.

Saa sita akanipigia: "Niko shamba. Sasa iko inatuona, siogopi tena."

Simu ikakatika kabla sijamujibu.

Sasa ni saa kumi na moja. Batu ba Eringeti, hapana kuweka j'aime (like) hapa. Muniambie tu kama mulimuona anarudi.