Wekundu wa Ramani

Karani wa vidude pale lango la msitu hana haraka. Kila mtembezi humvisha kidude shingoni, ili wakubwa waone kwenye ramani wageni wapita wapi na wasimama wapi. Lakini kidude, asema yeye, hakivaliwi kikiwa baridi. Basi kila asubuhi huviwasha vyote, huvijaza mifukoni mpaka suruali yataka kumvuka, akavitembeza hadi kwa Zipporah muuza mihogo. Hapo hukaa juu ya ndoo, hupuliza muhogo uliokwisha poa, na lile neno alilomjia hulimeza pamoja na chai. "Leo navyo havijapata moto?" Zipporah humuuliza. "Vyakaribia."

Ramani hata aliyekimbia shule huisoma: penye wekundu ndipo watu hukaa. Mkubwa alipoikunjua, njia za msituni zilikuwa nyuzi nyembamba, na kwa Zipporah pamewiva kama pilipili. "Wageni wote hawa wafuata nini hapa?" Karani akatazama viatu vyake. Akisema kweli, kazi imekwenda, na siri nayo. "Kivuli, bwana mkubwa." Hapo hapana mti, hata wa dawa. Mkubwa akaagiza benchi la simiti na kibao: MAPUMZIKO YA WATEMBEZI.

Mtembezi hajalikalia hata mmoja. Hulikalia karani, mifuko imetuna. Jana Zipporah alikisoma kibao polepole, akamgeukia. "Benchi umeshaletewa. Na kadzama, ile pombe ya mnazi ya kuniposa, wampelekea baba lini?"

Karani akatoa vidude vyote, akavizima kimoja kimoja, ndipo akajibu.