Nyuzi za Mlipuko wa Jua

Binti yangu alisomea jua. Majirani zetu wa kijijini Kola waliposikia hivyo walicheka, nami nikawauliza: ninyi mnaoanika mahindi juani kila mwaka, mnajua nini kulihusu? Sikuwahi kuona haya kwa ajili ya mtoto yule hata siku moja.

Lakini mwaka jana alirudi nyumbani amenyong'onyea. Watahini wa chuo walikuwa wamemrudisha. Hesabu zake zilikuwa sawa, ila hazikupatana na mchoro wake, na yeye mwenyewe hakuona kosa. Alibakiwa na nafasi moja tu. Angerudishwa tena, miaka yake yote ya kusoma ingeishia hapo.

Alinikuta nje ya mlango nikisuka kiondo, kikapu chetu cha mkonge. Nikamwambia aache kulia, alete huo mchoro anieleze.

"Jua likilipuka, Mwaitu," alisema, akiniita mama kwa Kikamba, "linatupa wingu la gesi ya moto. Ndani yake kuko na nyuzi za sumaku, zimesokotwa vile wewe unasokota mkonge. Likisafiri kuja huku linapanuka, kwa sababu vile linaenda mbali na jua hakuna kitu cha kulibana. Halafu mbele inakimbia kuliko nyuma. Likitufikia limekuwa kubwa kuliko jua lenyewe."

"Kuliko jua? Wacha mchezo!"

"Kubwa sana, Mwaitu."

Niliutazama mchoro. Wingu lilianza dogo kando ya jua, likavimba hadi likajaza karatasi, na nyuzi zake zilikazana vizuri mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa kazi safi, na usafi huo ndio ulionitia shaka. Kiondo nikikianza kwenye kitako huwa na nyuzi chache. Kila duara linapopanuka naongeza nyingine, la sivyo kinalegea na maharagwe yanapita.

"Huko njiani nani anaongeza nyuzi?" nikamwuliza.

"Hakuna mtu. Ni zile zile zilitoka kwa jua."

"Na hizi umetoa wapi? Hapa mwanzo ziko kumi. Hapa mwisho ziko zaidi ya thelathini. Hesabu."

Alihesabu, akaona kosa lake. Nilimfundisha kusuka kabla hajajua kusoma, na mkono wake ulikuwa umeongeza nyuzi bila kumwuliza. Alipaswa kuziacha zile zile, ziachane na kulegea, na wingu lizidi kuwa jepesi kadiri linavyopanuka. Alichora upya mara tatu, nami nikazihesabu nyuzi mara zote tatu, hata akaniambia ninamchosha.

Siku ya mtihani niliketi viti vya nyuma katika ukumbi wa chuo, nimevaa gauni langu la kanisani. Walizungumza Kiingereza kigumu, lakini niliufuata mchoro ukutani. Mmoja wa watahini watatu, mzee mwenye uso wa kununa, aliutazama muda mrefu. Kisha wote watatu wakasimama na kumpa binti yangu mkono. Alikuwa amefaulu.

Yule mzee akageukia Kiswahili. "Lile kosa la mara ya kwanza, ni nani alikuonyesha?"

"Ni mama yangu. Ndiye huyo nyuma."

Ukumbi mzima ukageuka. Sikuinamisha kichwa. Nilisimama, ili wanione vizuri.